Boksi la Katoro

Mwenyekiti wa kwaya alinipa shilingi 150,000 nikatafute spika ya mtumba ya gitaa. Huko Katoro, jirani na wauza vyuma chakavu, nilimkuta mama mjane akiuza vitu vya marehemu mumewe, aliyekuwa mpiga gitaa la dansi. Kati ya vitu hivyo lilikuwepo boksi jeusi, zito.

"Redio mbovu hiyo, mwanangu. Nipe 40,000 uichukue."

Nililigeuza. Ndani kulikuwa na valvu, zile taa za kioo za zamani. Nne zilifanana, nikafuta vumbi kwa kidole, yakasomeka maandishi: EL84. Spika zilikuwa mbili za inchi 12, Celestion. Kibao kilitaja Vox AC30 na mji wa Dartford, Uingereza. Miaka ya 1960 hata Beatles walipigia amplifaya za namna hii. Nikakagua transfoma: hazikuwa zimesukwa upya. Hata ikiwa mbovu, wapo watu Ulaya wanaoilipia mamilioni ya shilingi.

Sikuichomeka kwenye umeme. Kapasita zilizokaa miaka mingi hukauka, na ukiwasha ghafla waweza kuunguza transfoma. Tena hata ikichomolewa, kapasita hizo huweza kubaki na umeme wa kuua mtu. Fundi mzoefu huunganisha kwanza balbu katikati ya waya; ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, anajua kuna shoti.

"Imechakaa sana, mama," nikasema.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Nilipokuwa nachimba Nyarugusu, mnunuzi mmoja alikidondoshea asidi kipande changu, akakunja uso, akasema dhahabu chafu. Jioni nikamwona akikionyesha kwa wenzake, anacheka. Mithali 20:14 inamtaja mtu wa namna hiyo, na mstari huo nilikuwa nimewafundisha watoto shule ya Jumapili.

Nilishika zile 40,000 mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikamweleza yote: valvu, spika, bei.

Akanitazama. "Kwa hiyo unataka nikupunguzie?"

Ilinibidi nirudie mara tatu. Tukaifunga kwa kanga, nikampa namba ya fundi wa Mwanza ninayemwamini. Mwenyekiti hakufurahi niliporudi mikono mitupu, na Jumapili ile tuliimba kwa gitaa kavu na kayamba.