Mchana Una Saa Yake

Ukifika Bagamoyo saa nane na nusu mchana na njaa yako, umechelewa. Hutalala njaa, mji hauna roho hiyo, ila utakula kilichosalia: ugali uliokwisha kupoa, mchuzi usio na samaki, maharage ya chini ya sufuria. Wali wa nazi ulikwenda zamani. Waliuwahi mafundi wa mashua wa pale ufukweni, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, makarani, vijana wa bodaboda, na wale wazee wa Mji Mkongwe ambao hawana kazi maalumu lakini saa sita na nusu hawaikosi.

Huku Leicester, Uingereza, chakula cha mchana hakiishi. Ingia duka lolote kubwa saa nne asubuhi au saa mbili usiku, friji imejaa: mkate uliokatwa pembetatu, katikati yai, kuku au jibini, umefungwa kwenye kiboksi. Marks & Spencer walipoanza kuuza mikate hiyo ya tayari mwaka 1980, sidhani kama walijua wanaugeuza mchana wa taifa zima. Siku hizi unachukua mkate, krispi na kinywaji, vyote pamoja takriban pauni 4, unarudi mezani kwako na kula huku mkono mwingine uko kwenye kipanya cha kompyuta. Basi, umekula. Saa kumi jioni mwulize mwenzako mchana alikula nini, atafikiri kwanza.

Sisemi Waingereza hawajui kula. Nyama ya kuoka na viazi vya Jumapili wanavikalia mezani hasa. Shida ni siku za kazi. Kanuni zao za saa za kazi za mwaka 1998 zinampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 20 akifanya kazi zaidi ya saa 6. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Mara tatu! Wafaransa nao walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya kazi ilikataza mtu kula penye meza yake ya kazi, hata ikabidi serikali iilegeze mwaka 2021 kwa sababu ya UVIKO. Nikiwaeleza wenzangu wa ofisini habari za dakika 60 za Tanzania, wanadhani nawatania.

Lakini sheria haipiki. Mwenye saa ya mchana Bagamoyo ni bahari. Mashua na ngalawa zikiingia, samaki wanapigwa mnada pale sokoni pwani, na aliyewahi ndiye anayepika. Mama lishe hapangi jana yake atakachouza leo. Mwulize, "Mama, leo kuna nini?" atakutajia alichopata: "Kibua wa kukaanga, mwanangu, na ngisi kidogo. Changu wameadimika." Mteja mwenyeji anajua kwa nini. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali na miamba ikabaki wazi, pweza wanapatikana. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa zao baharini, na kesho yake dagaa wako kila sufuria. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wanapumzika, na mjini watu wanakula maharage. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo haviendi mbali, na nguru anakuwa samaki wa hotelini. Kamba ni habari ya kaskazini, kwenye midomo ya Ruvu na Wami mpaka Saadani, na wengi wao Bagamoyo wanapita tu, ndani ya barafu, safari ya Dar es Salaam.

Aliyezoea kula pale anaweza kukadiria mwezi umefikia wapi kwa kutazama sahani yake. Mimi nikiutazama mkate wangu siwezi kukwambia hata kama nje ni kiangazi au baridi.

Halafu kuna nazi. Wali usio na tui, kwa mtu wa Bagamoyo, ni wali wa mgonjwa. Nazi inakunwa kwa mbuzi, inakamuliwa na kuchujwa, tui jepesi linatangulia kwenye mchele, tui zito linangoja mwisho. Jikoni kwangu ninalo tui la kopo kutoka Thailand, halina ubaya wowote, ila pia halina haraka. Lile lililokunwa asubuhi kwenye joto la pwani ni la kuliwa mchana; ukilichezea, jioni limechacha. Kwa hiyo mama lishe anayekuhimiza uje mapema hakufanyii ukali. Anakupa saa ambayo chakula chake ni kizuri.

Na hakuna anayekula kama hakuoni. Pita mtu anakula kwenye benchi, hata kama hamjuani, atakwambia "Karibu." Unajibu "Starehe" na kwenda zako, au kama ni mtu wenu unanawa na kukata tonge moja asije akaona umemdharau. Nilipokuwa mgeni ofisini nilikuwa nawakaribisha watu kwenye kiboksi changu cha wali, nao wakinitazama wakitafuta la kusema. Si uchoyo. Chakula cha huku kimepimwa cha mtu mmoja, ukikimega mwenyewe anapungukiwa. Sufuria ya kwetu haikuhesabiwa vichwa.

Anayeutamani mchana wa kwetu akiwa Leicester huenda Belgrave Road. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walikuja na mapishi yao, na leo muhogo unauzwa pale kwa jina la mogo, umekaangwa, umetiwa pilipili na ndimu. Baraza la mji huu, mwaka uleule, lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije. Sasa Jumamosi mchana kupata meza kwao ni kazi. Nikienda nakaa, nakula kwa mkono, na hakuna anayegeuka kunitazama.

Hata hivyo tusiusifu mchana wa nyumbani bila kumtazama anayeupika. Raha yetu ya saa moja imemtoa kitandani kabla ya adhana ya alfajiri, ikampeleka mnadani, ikamwinamisha kwenye moshi wa kuni. Anatulisha sote, kisha yeye anakula saa kumi, mara nyingi ukoko na mchuzi, huku vyombo vinamsubiri. Zile dakika 60 za sheria ya 2004 hazimhusu, kwa kuwa hana mwajiri. Hapa friji ya Leicester inashinda: hakuna mwanamke aliyechelewesha chakula chake ili mimi nile changu. Au yupo, kiwandani huko, ila mimi simwoni.

Desemba wengi wetu tulio ughaibuni tutakuwa nyumbani. Daladala za Bagamoyo zinaondoka Makumbusho, Dar es Salaam, na foleni ya Tegeta na Bunju mnaijua, kwa hiyo tokeni asubuhi. Mkishakula, lipeni anachotaja. Nimewaona ndugu zetu wa ughaibuni wakibishana na mama lishe juu ya shilingi 500 za kipande cha samaki, na picha ya sahani wameshaipiga. Sisi tunaotoa pauni 4 kwa mkate baridi na krispi hatuna haki ya kumwomba apunguze.