Ruiru Hadi Thika kwa Tumbo Tupu

Ukitaka kujua jinsi mkazi wa mjini anavyokula siku hizi, msomaji, amka saa kumi na moja alfajiri ukasimame kwenye steji ya matatu mjini Ruiru. Utawaona watu wakimiminika kutoka Kihunguro na Membley, mikoba kwapani, kila mmoja akikimbilia gari la Nairobi kabla msongamano haujaanza. Wengi wao hawajatia kitu tumboni. Jana walikula saa nne usiku, na leo watakula saa saba mchana kazi ikiwaruhusu. Hesabu mwenyewe: ni saa 15 bila chakula.

Basi watu hawa wanafunga bila kujua. Na wakati huo huo, kuna wengine wanaolipa fedha ili wafundishwe jambo hilo hilo. Linaitwa kufunga kwa vipindi, na limevuma sana miongoni mwa wanaotaka kupunguza unene. Njia inayopendwa zaidi ni kukaa saa 16 bila kula, kisha kula katika saa 8 zinazosalia. Nyingine ni ile ya kula kawaida siku 5 na kujinyima siku 2 katika wiki, ambayo daktari na mtangazaji Michael Mosley aliifanya ijulikane Uingereza kuanzia mwaka wa 2012.

Lakini ikiwa kukaa na njaa mpaka mchana ndiyo dawa, mbona mshipi wa mkazi wa Ruiru unazidi kuongezwa matundu? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliopita kiasi. Twende tutafute jibu njiani. Usinywe chai. Panda ngazi za daraja la waendao kwa miguu, vuka barabara kuu, tuchukue matatu ya Thika.

Barabara hii yenyewe ni sehemu ya kisa. Ilipokamilika mwaka wa 2012 ikiwa na njia 8, mashamba ya kahawa kando yake yalizidi kugeuka kuwa ploti na nyumba za ghorofa, na watu wakaanza kuishi mbali na kazi zao. Anayelala Ruiru na kufanya kazi Nairobi hukaa garini, hukaa ofisini, kisha hukaa garini tena. Kahawa haijaisha, hata hivyo. Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, mche unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kahawa nyeusi isiyo na sukari ni mojawapo ya vinywaji vichache ambavyo mfungaji anaruhusiwa, pamoja na maji na chai ya rangi. Lakini nani huku kwetu anainywa? Sisi ni watu wa chai ya maziwa, tena ya vijiko vitatu, na hiyo ni chakula kamili hata kama imo kikombeni.

Tukifika Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta watapanda. Sikiliza mazungumzo yao. Hapa kufunga kuna sura mbili: mmoja anafunga ili suruali imtoshe, mwenzake anafunga kwa sababu pesa za matumizi zimeisha na mwezi bado. Wote wawili wanasema "sina njaa". Mimi huwaogopea wote wawili, maana kijana ambaye tayari ana uzani mdogo hana mafuta ya kuchoma.

Saa nne asubuhi tumeingia Thika. Tumbo lako sasa linanguruma. Usiogope, ini limetumia sehemu kubwa ya sukari lililoihifadhi tangu jana, na mwili unazidi kugeukia mafuta. Hilo ni kweli. Kisichosemwa ni kwamba ukila kupita kiasi baadaye, mafuta hayo hurudi mahali pake kabla hujalala.

Tembea. Shuka mpaka Blue Posts, hoteli iliyojengwa mapema katika karne ya 20 kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika. Sikiliza maji. Ukivuka Chania utakutana na mashamba ya mananasi yanayokwenda mpaka macho yachoke. Kwa miguu, mwendo huu kutoka mjini na kurudi utakusaidia kuliko saa mbili zaidi za njaa.

Saa saba mchana, turudi mjini, tuingie kibandani. Mama anayepakua atakuambia kwamba wateja wanaofunga ndio wanaomaliza chapati. Anayekunywa chai asubuhi huagiza mbili na maharagwe; aliyeshinda njaa huanza na tatu, kisha, "Mama, niongezee na ya nne." Wataalamu wamefika hapo hapo kwa njia ndefu. Huko Guangzhou, Uchina, watu 139 wenye unene walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima. Nusu walikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri tu, wengine walikula saa yoyote. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2022 yalikuwa kilo 8 kwa waliofunga na kilo 6.3 kwa wengine, tofauti ambayo watafiti waliona ni ndogo mno kuthibitisha kitu. Kilichowapunguza wote ni kiasi cha chakula. Kufunga humfaa yule tu ambaye saa zikipungua, sahani nayo hupungua.

Ndugu zetu Waislamu wa Thika wangeweza kutuambia hayo bila utafiti. Aliyefungua kwa tende, maji na uji humaliza Ramadhani akiwa mwepesi; aliyezamia sambusa, kaimati na viazi karai hadi saa ya daku hufika Idi akiwa mzito kuliko Shaabani.

Kuna jambo lisilo na mzaha. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usijaribu safari hii kabla ya kuonana na daktari wako, kwa sababu sukari inaweza kushuka ukazimia ndani ya matatu, na kondakta adhani umelala. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto anayekua wasifunge ili wapungue. Na ukianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, kula papo hapo.

Sasa jua limetua, nasi tumerudi Ruiru. Ni saa tatu usiku, saa zako 8 za kula zimefikia kikomo. Magari ya Nairobi yanawashusha wale wale wa alfajiri. Kati ya steji na nyumbani kwao kuna moshi wa mutura, kuna smoki zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari, kuna mahindi ya kuchoma na chipsi zinazotoka mafutani, na jikoni ugali unawangoja. Mwenye mutura ameinua kisu, anakutazama.

"Ya ngapi?"