Kumi na Tano

Daktari aliposema 15, Mama hakujibu. Alinitazama, halafu akaitazama kalenda iliyokuwa ukutani, nami nikajua tukishatoka nje nitaambiwa.

Hatukuwa tumefika hata getini. "Yule jirani yangu wa Mwatate alipigwa mionzi mara 25. Wiki tano nzima. Mimi napewa 15. Kwani mimi ni nusu mtu?"

Sikuwa na jibu, na ukweli ni kwamba hata mimi nilishuku. Ukishazunguka na mgonjwa kwenye hospitali zetu unajifunza kunusa mambo. Dawa hii haipo, nenda ukanunue nje. Kipimo hicho, rudi mwezi ujao. Kwa hivyo ukisikia kitu kimepunguzwa, unajua kimepunguzwa kwa sababu ni wewe. Usiku ule Mama alilala kitandani, mimi nikatandika sakafuni kwenye bedsita yangu ya Kasarani, nikakaa na simu mpaka saa nane nikisoma.

Kumbe hiyo 25 ndiyo ya zamani. Kwa miaka mingi mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi alipewa mionzi mara 25, jumla ya kipimo cha grei 50. Watafiti wa Uingereza wakajaribu kuwapa wengine mara 15 tu, grei 40, kwa wiki tatu, kisha wakawafuatilia kwa miaka 10. Matokeo yalipotoka mwaka 2013, saratani haikuwa imerudi zaidi kwa wale wa siku chache, na titi lenyewe lilikuwa limeharibika kidogo kuliko la wenzao. Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine wa wanawake zaidi ya 4,000, ukaonyesha kwamba kwa wengi wenye saratani iliyogunduliwa mapema, hata mara 5 ndani ya wiki moja zinatosha.

Nikapiga hesabu kwa simu. Gawanya 50 kwa 25, ni grei 2 kwa siku. Gawanya 40 kwa 15, ni karibu 2.7. Hakuna aliyekuwa anampunja Mama. Kila siku alikuwa anapewa zaidi ya jirani.

Nilimweleza asubuhi akinywa uji.

"Yaani kazi ya siku tano unaifanya kwa siku tatu."

"Kama hivyo, Mama."

"Na mshahara ni uleule?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini uji aliumaliza.

Kitu ambacho hesabu yangu haikuonyesha ni shabaha. Ukiongeza kipimo cha siku moja, hutaki kukosea unapolenga. Kabla ya kuanza walimpiga skani, wakamwekea vidoti vitatu vya wino chini ya ngozi, vidogo kama ncha ya kalamu, ili kila siku alale vilevile alivyolala jana. Na kwa kuwa titi lilikuwa la kushoto, kulikuwa na suala la moyo, ambao uko pale pale nyuma ya mbavu. Dawa yake ni pumzi. Ukivuta pumzi ndefu ukaishikilia, mapafu yanajaa, kifua kinainuka, na moyo unasogea mbali kidogo na njia ya mionzi. Mashine inapiga ukiwa umeshikilia. Ukiachia, inasimama.

Watu wengine inabidi wafanyishwe mazoezi. Mama ameimba kwaya miaka 30. Mhudumu alitoka akaniambia, "Huyu mama yako angeweza kukaa chini ya maji." Mama alijifanya hajasikia, lakini jioni hiyo alimpigia simu dada yake na hadithi ilikuwa ni hiyo tu.

Zamu yetu ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi. Kwenye benchi unajua watu haraka. Kulikuwa na mama mmoja wa saratani ya mlango wa kizazi. Yeye alikuwa na 25 zake, na kemo juu yake, na mionzi ya ndani baadaye. Si kila saratani unaweza kuikatia siku, na ilinichoma kwamba kila asubuhi alituuliza tumebakisha ngapi. Kulikuwa na mzee aliyewahi kutibiwa kwenye mashine ya kobalti, zile ambazo chanzo chake hupoteza karibu nusu ya nguvu kila miaka mitano, kwa hivyo kadiri mashine inavyozeeka ndivyo unavyolala chini yake muda mrefu zaidi. "Inachoka kama mimi," alisema.

Pesa nazo. Nauli 100 kwenda, 100 kurudi, watu wawili, 400 kwa siku. Siku 10 ambazo hatukuhitaji kwenda ni 4,000, nusu ya kodi yangu. Na sisi tulikuwa na mahali pa kulala. Wengine walikodi kitanda.

Wiki ya pili mashine iliharibika. Tulikaa mpaka saa sita, tukaambiwa turudi kesho. Hakuna aliyepiga kelele, watu walikunja leso zao wakaondoka. Mama alikuwa kimya kwenye matatu. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zilikuwa njiani, na mahindi hayangoji hospitali. Kwa 25 angekosa msimu. Hilo hakuwahi kumwambia daktari. Mimi mwenyewe nilijua siku hiyo tu, aliponiuliza kama kule nyumbani kumeanza kuweka mawingu.

Ngozi ilikuwa nyeusi na yenye kuwasha, na uchovu ulikuja mwishoni, wa kulala saa kumi na mbili jioni. Lakini Jumatatu ya wiki ya nne alimaliza, na Jumatano nikampandisha treni ya kushuka Voi.

Alhamisi niliamka saa kumi na moja bila alamu, nikaoga, nikachemsha maji ya uji ya watu wawili. Simu ikalia. Nilisikia jogoo nyuma yake, na jembe.

"Mama, umeambiwa upumzike."

"Napumzika. Wanalima watoto, mimi naonyesha tu." Akanyamaza kidogo. "Hebu niambie. Ile saa moja kasorobo yangu, amepewa nani?"