Tulikwenda Kuona Kioo, Tukarudi Tunaongea

Nianze kwa kukiri: siku ile sikutaka kwenda popote na mume wangu. Wiki tatu tulikuwa tunaishi kama wapangaji wawili. Asubuhi salamu, jioni "chakula kipo kwenye friji", basi.

Sisi ni Watanzania, tunaishi na kufanya kazi Massachusetts, Marekani. Kwa miaka minne tulikuwa tunaweka hela ya kujenga Morogoro. Siku moja nikakuta karatasi ya benki: dola 6,000 zimetoka. Kumbe mwenzangu kamtumia kaka yake anunue Hiace, na mimi sijaambiwa hata neno. Nilipomuuliza, alijibu, "Nisamehe mke wangu, yaishe." Kwake yakaisha. Kwangu ndo kwanza yalianza.

Safari ya Cape Cod tulikuwa tumeshailipia kabla ya ugomvi, na hoteli ilisema hela hairudi. Tukaenda, kila mtu anatazama dirisha lake. Kufika, mvua! Ufukweni hakwendeki. Tukiwa mji wa Sandwich mume wangu akaona kibao cha jumba la makumbusho ya vioo. "Tuingie humu, mvua ipungue." Sikujibu. Nilishuka tu kwenye gari.

Jumba lenyewe si kubwa. Ni rafu kwa rafu za bilauri, taa, sahani na vichupa vya kila rangi. Linaeleza habari za kiwanda kilichoanzishwa hapo mwaka 1825 na mfanyabiashara wa Boston aitwaye Deming Jarves. Mimi nilidhani alifuata mchanga, maana kioo si kinatengenezwa kwa mchanga, na pale ufukwe upo tele? Wapi! Mchanga wa pale haukuwa safi vya kutosha. Mchanga mzuri uliletwa kutoka mbali, kama New Jersey. Alichofuata Jarves ni misitu ya kuni za tanuri, pamoja na bahari ya kusafirishia mzigo. Hata majani ya kando ya bahari yalikuwa na kazi: yalifungiwa vyombo visivunjike njiani.

Kilichonishika zaidi ni sahani zenye nakshi kama lesi. Kiwanda kile kilivuma kwa kukandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu, badala ya kupuliza kila chombo kwa mdomo. Vyombo vikawa rahisi, na watu wa kawaida nao wakaweza kununua. Tatizo, kioo kikigusa chuma kilichopoa kidogo kinapata mikunjo na ukungu. Basi mafundi wakajaza vitone vidogo vidogo kwenye nakshi, na vitone vile vikasaidia kuficha kasoro. Ukiangalia unaona uzuri mtupu unaometameta.

Nilisimama pale muda mrefu. Nikakumbuka picha zetu, tumevaa sare harusini kwa watu, tunacheka. Kila mtu anatuambia, "Nyie mnapendana jamani!" Halafu nikakumbuka kitu kingine, ambacho sikutaka kukumbuka. Mimi pia nilikuwa na akaunti yangu pembeni. Mwaka mzima nilikuwa natia humo kidogo kidogo, "kwa lolote litakalotokea". Naye hakujua.

Upande wa pili kuna tanuri dogo, na fundi anaonyesha kazi. Alichota kioo kwa bomba refu la chuma, kinang'aa kama asali, joto zaidi ya nyuzi 1,000. Akapuliza, akazungusha, mara kikawa kikombe. Watu tukapiga makofi. Mume wangu akauliza kama anaweza kukishika kikishapoa, dakika chache zijazo. Fundi akacheka. Akasema kikombe kinaingia kwenye tanuri jingine lenye joto la karibu nyuzi 500, kisha joto linashushwa taratibu kwa saa nyingi. Ukikiacha kipoe haraka, nje kinaganda wakati ndani bado kina moto. Kwa macho utakiona kizima, ila ndani kinavutana. Siku ukikigusa kidogo tu, kinapasuka.

Mume wangu alinigeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu tuliangaliana. Akasema kwa sauti ya chini, "Ile 'yaishe' yangu."

Tulipotoka tulipita kwenye maelezo ya mwisho wa kiwanda. Wafanyakazi na wenye mali waligombana, kila upande ukakaza, na mwanzoni mwa 1888 moto ukazimwa. Kazi ya zaidi ya miaka 60 ikaishia hapo.

Kwenye gari, mvua bado inapiga kioo, nilimwambia kuhusu akaunti yangu. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Ulikuwa unapanga kuniacha?" Nikamwambia ukweli: kuna siku niliwaza hivyo. Aliumia, na mimi nililia. Hatukumaliza siku ile, na safari hii hakuna aliyesema yaishe. Tulikubaliana kila Jumapili usiku tukae mezani, simu pembeni, tuzungumzie hela mpaka kila mtu aseme lake. Jumapili ya kwanza alimpigia kaka yake mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika.

Sasa shemeji analipa, kidogo kidogo. Akaunti ni moja. Nyumba ya Morogoro bado ni msingi tu, na zipo Jumapili tunazoamka mezani tumenuniana. Lakini tunarudi tena.

Msomaji wangu, kama kwenu kuna jambo lililofungwa kwa "yaishe", jiulize limepoa kweli au limeganda juu tu. Mimi la kwangu nililijua kwa kukimbia mvua.