Ulimi wa Mama Mkwe

Kwenye baraza za nyumba zetu, na hata kandokando ya altare, husimama mmea mmoja wenye majani marefu, magumu, yaliyochongoka kama panga. Hauombi mengi. Majani yake huweka akiba ya maji, nayo hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, jua likiisha kutua. Ndiyo sababu ukisahauliwa majuma kadhaa bado hubaki kijani kibichi. Kwao ni huku kwetu: huota porini kuanzia Nigeria hadi Kongo.

Hata hivyo majina yake yametoka mbali. Sansevieria ni kumbukumbu ya wakabaila wa Italia wa karne ya 18. Mwaka 2017 wataalamu waliuhamishia katika jamii ya Dracaena, neno la Kigiriki lenye maana ya joka jike. Nchini Brazili huitwa upanga wa Mtakatifu Georgi, na wengi huuweka mlangoni uwe ulinzi. Nao wasemao Kifaransa, na sisi nyuma yao, huuita ulimi wa mama mkwe: mrefu, mkali, usiokufa.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Katika makabila yetu mengi, mkwe alimpisha mama mkwe njia, hakula mbele yake, wala hakulitamka jina lake. Desturi hiyo ilikuwa nzito kwa vijana, lakini ilikuwa heshima. Mzaha wa leo hauna heshima ndani yake. Nimeusikia katika mafundisho ya ndoa, wachumba wakicheka. Nimemwona pia mjane mzee aliyeitwa mchawi na mke wa mwanawe siku mjukuu alipougua, akafukuzwa usiku. Ulimi uliokata usiku ule haukuwa wa mama mkwe.

Injili ya Marko, katika sura yake ya kwanza, yatuonyesha mama mkwe wa Simoni: alilala na homa, Yesu akamshika mkono, naye akainuka akawahudumia. Ruthu naye alimfuata Naomi hadi Bethlehemu, hali mumewe amekwisha kufa na hakuna aliyemlazimisha.

Narudi kwenye chungu chetu, kwa ajili ya wale wapendao kupanda. Mmea huu wenye kingo za manjano, ukikata jani na kulichomeka udongoni, utachipua, lakini majani mapya yatakuwa kijani kitupu. Anayezitaka kingo zile hana budi kuchimba, aligawe shina la chini pamoja na mizizi yake.