Gesti ya Upanga na Hasira za Shangazi

Shangazi alipiga simu basi likiwa limesimama Ruaha Mbuyuni, abiria wakinunua vitunguu kupitia madirishani. Nilimwamkia. "Marahaba," akajibu, bila kuongeza "mwanangu" kama ilivyo kawaida yake. Kisha akatoa swali ambalo bila shaka alikuwa nalo moyoni tangu alfajiri: "Nasikia kaka yangu anakwenda kulala hotelini. Kwani Dar es Salaam hana ndugu?"

Nilikuwa nampeleka baba kliniki, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyo ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili. Daktari wa Iringa alikuwa ametuandikia rufaa, tukaambiwa tufike mapema, mzee akiwa hajatia kitu tumboni. Shangazi anaishi Chanika. Nyumba yake ina nafasi, na hajawahi kumfungia mlango mtu yeyote aliyetoka Iringa.

"Shangazi, baba anatakiwa awe pale saa 12 asubuhi," nikasema.

"Kwani sisi huku hatuamki? Watu wa Chanika wanafanya kazi Posta kila siku."

"Wanaamka saa 9 usiku, shangazi."

"Na wanafika."

Hapo sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli wanafika. Wanasimama kwenye daladala kutoka Chanika hadi Pugu, Gongo la Mboto, uwanja wa ndege na Tazara, na saa 2 wako kazini. Lakini wale ni wazima. Baba yangu akipanda ngazi chache husimama, hushika ukuta na kusubiri pumzi imrudie.

"Chumba nimeshatandika," akaendelea. "Kuku nimemfunga kamba tangu jana. Nyumbani watasemaje wakisikia kaka yangu amelala gesti, kama mtu aliyefiwa na ukoo mzima? Au siku hizi mna hela, mmetuona sisi wa Chanika ni wa mashambani?"

Maneno hayo yaliniuma, na nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu hakuuliza hata mara moja mgonjwa anajisikiaje. Kila sentensi ilikuwa juu ya chumba chake, kuku wake na watu watakavyosema. Baba, aliyekuwa amekaa dirishani akiangalia mibuyu ya bondeni, alikuwa amesikia yote. Akanyoosha mkono. "Nipe nizungumze naye."

Walisalimiana kwa Kihehe, kamwene kwa kamwene, wakaongea taratibu hadi basi likaondoka. Aliponirudishia simu alisema neno moja: "Amelia." Kutoka pale hadi Mikumi hakuna aliyezungumza.

Naomba nieleze nilivyochagua ile gesti, maana uchaguzi wenyewe ndio uliozua ugomvi. Mabasi mengi ya mikoani siku hizi yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyozinduliwa mwaka 2021 baada ya stendi ya Ubungo kufungwa. Nyumba za wageni zimejaa pale, na kwa mtu anayeshuka usiku ili apande basi jingine alfajiri hakuna mahali bora zaidi. Lakini kutoka Mbezi hadi mjini ni zaidi ya kilomita 20. Mgonjwa anayelala pale bado hajafika Muhimbili. Amefika Dar es Salaam tu.

Kariakoo ni karibu na hospitali, na gesti zake ni nyingi. Nilizipigia simu. Nyingi zilikuwa na vyumba ghorofa ya tatu au ya nne, bila lifti, na kila niliyemuuliza kuhusu kelele alicheka. Kariakoo mizigo hushushwa usiku, mikokoteni hupita alfajiri, na wenye maduka hawawezi kulaumiwa kwa hilo, ndiyo kazi yao. Mwenye moyo dhaifu hawezi kulala hapo.

Magomeni ndiyo inayodanganya zaidi. Ukitazama ramani, Magomeni na Muhimbili zinatazamana, kila moja upande wake wa bonde la Mto Msimbazi. Bei ni nafuu, basi la mwendokasi linapita mlangoni, na kila aliyesikia safari yetu alinishauri nikapange huko. Lakini tulikuwa tunasafiri mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na hapo hata mwendokasi husimama. Watu hulazimika kuzunguka mbali kutafuta njia nyingine, kwenye foleni ambayo kila mtu mwingine naye ameikimbilia. Aprili, kitanda cha Magomeni kiko mbali na Muhimbili, hata ukiwa unaliona paa la hospitali.

Kwa hiyo nilichagua Upanga, gesti ndogo yenye vyumba chini kabisa, upande ule ule wa bonde ilipo hospitali. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya Magomeni. Chumba kilikuwa cha kawaida, feni ikilalamika, lakini kutoka mlangoni hadi geti la hospitali ni mwendo ambao mzee anaweza kuutembea akipumzika njiani, na bajaji zipo akishindwa.

Tulifika usiku, tukalala.

Siku ya kwanza kliniki ilinifundisha jambo ambalo hakuna aliyeniambia Iringa. Nilidhani faida ya kulala karibu ni kuwahi foleni. Faida kubwa ilikuja mchana. Mgonjwa anaweza kupimwa damu asubuhi, akaambiwa arudi saa 8 kwa kipimo cha moyo, na majibu yakasubiri hadi jioni au kesho. Wanaotoka mbali hubaki pale pale. Niliwaona wazee wamelala kwenye mabenchi wakiwa wamejifunika khanga za binti zao, chupa ya chai pembeni, wakingoja saa ambayo haijulikani. Baba yangu, kipimo cha kwanza kilipoisha, nilimrudisha chumbani. Akanywa uji, akalala kwa saa mbili, akaamka na nguvu za kurudi. Kwenye mabenchi yale hakuna aliyefanya uzembe. Wengi hawakuwa na jinsi, na wengine walikuwa wamefuata heshima ya ndugu kama ile aliyoidai shangazi.

Usiku wa pili mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi habari kliniki ilikuwa moja tu, maji ya Jangwani. Kijana mmoja aliyelala Magomeni na mama yake alifika saa 4, suruali imelowa hadi magotini, majina yao yakiwa yameshaitwa.

Siku hiyo hiyo shangazi akaja.

Hakutuarifu. Alitoka Chanika saa 1 asubuhi akiwa na hotipoti ya wali kuku ndani ya kikapu, akafika Upanga karibu saa 6 mchana. Nilimkuta mapokezi anabishana na binti wa zamu aliyemtaka aandike jina kwenye kitabu cha wageni kabla ya kuingia ndani. "Niandike jina ili nimwone kaka yangu wa tumbo moja?" alikuwa anasema, pindo la khanga yake likidondosha maji. Nilimwamkia. Safari hii alijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Tulikaa kibarazani. Baba alikuwa amerudi kupumzika kati ya kipimo na kipimo, na kilichomshangaza shangazi kwanza ni kumkuta amelala kitandani saa za mchana, wakati alitegemea kumsubiri hadi jioni atakapotolewa hospitali. Akamtazama akila. Akauliza asubuhi tulifika kliniki saa ngapi. Nikamwambia saa 12 na robo. Akanyamaza, nikamwona anahesabu moyoni: daladala ya kwanza, ile barabara ya Gongo la Mboto inavyokuwa mvua ikinyesha, kuunganisha daladala ya pili, kusimama, kusukumwa.

"Mimi mzima nimekaa njiani saa tano," akasema hatimaye. "Kaka asingefika."

Nilitaka kusema neno, baba akanikata jicho. Tukaendelea kula. Baadaye, akikusanya vyombo, shangazi alizungumza bila kunitazama. Alisema kilichomuumiza hasa kilikuwa kupata habari kwa jirani kwamba tumeshalipia chumba, kana kwamba yeye hayumo katika mashauri ya ugonjwa wa kaka yake. "Ungenipigia kabla ya kulipa, ningekuambia mwenyewe mlale mjini. Sasa nisikilize. Jumamosi hamna kliniki. Jumamosi mnalala kwangu, na hilo halina mjadala."

Jumamosi tulilala Chanika. Kuku yule wa kamba alikuwa ameshaliwa Upanga, akachinjwa mwingine. Baba alikaa chini ya mwembe hadi jioni, akicheka na dada yake, na Jumapili alasiri tukarudi mjini kusubiri majibu ya Jumatatu.

Ndugu msomaji unayejiandaa kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam, au unayekwenda huko kwa usaili, mahakama au ubalozi, uanze na mahali unapotakiwa kuwa asubuhi, kisha utafute kitanda upande ule ule wa bonde na wa barabara. Neno "katikati ya jiji" kwenye tangazo la hoteli lisikutoshe. Piga simu uulize chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti ipo au haipo, na mvua ikinyesha njia ipi hufungwa. Uulize pia kama unaweza kurudi kulala mchana kwa miguu yako au kwa bajaji. Nyongeza ya bei ya gesti iliyo karibu utaifidia kwa nauli utakayookoa, na kwa nguvu za mgonjwa ambazo haziuzwi popote.

Na kabla hujalipa, mpigie ndugu yako wa mjini. Mweleze ugonjwa, mweleze saa ya kliniki, umwombe siku moja ya kwenda kulala kwake. Gesti ni ya siku za hospitali, nyumba ya ndugu ni ya siku za mapumziko, na mgonjwa anazihitaji zote mbili.