Nilidhani Ana 'Bibi' Dar, Kumbe Ni Bunduki!

Kwanza niseme ukweli, mimi si mtu wa kupekua simu ya mume. Lakini siku ile simu ya Baba Neema ilikuwa mezani, mwenyewe yuko bafuni, na ujumbe ukajitokeza wenyewe kwenye kioo. Nikausoma. Wewe usingesoma?

"Bibi amepungua vizuri sana bosi. Kiuno chembamba, mwepesi, utampenda. Njoo Dar umshike mwenyewe. Ila malizia ile laki sita."

Jamani! Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mimi ni mfanyakazi wa benki hapa Tunduma, hesabu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo akili ilianza kujumlisha yenyewe. Tangu Machi kulikuwa na pesa zinatoka kidogo kidogo ambazo mwenzangu alikuwa anasema ni "vipuri vya gari". Laki nne, laki tano, laki tatu. Ukiweka na hiyo laki sita, ni milioni moja na laki nane. Kwa bibi mwenye kiuno chembamba!

Baba Neema alipotoka bafuni alinikuta nimeshika simu. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Baba Neema, naomba unitajie jina lake."

Akasoma ujumbe, akanitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega lake la kulia, uso ukakunjamana kwa maumivu. Hilo bega ndilo lenye kisa chote hiki, ila wakati ule sikujua.

"Mama Neema," akasema, "huyo ni fundi wa silaha. Bibi ni bunduki yangu."

Usiku wa somo

Mume wangu ni mnunuzi wa kahawa, anazunguka Mbozi yote, na akiwa hana kazi anapenda kuwinda. Anawinda kihalali, kwa kibali, na bunduki ina leseni yenye jina lake. Mimi siigusi, na funguo za kabati la chuma anazo yeye tu. Ni raifo ya .375, aina ya risasi iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa nyati Afrika nzima wanaijua.

Usiku ule hatukulala mpaka saa nane. Alinieleza kwamba bunduki yake, pamoja na darubini yake kubwa, ilikuwa na kilo 5.2. Ukiibeba kutwa nzima porini, unaona kama umebeba mtoto. Ndipo akampata yule fundi wa Dar mwenye leseni, kwa sababu kazi hiyo huwezi kumpa fundi wa mtaani; sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina mchezo. Akapitia polisi, akapata ruhusa, akapeleka.

Fundi akatoa kitako cha mti akaweka cha kaboni, hapo zikapungua gramu 500. Darubini kubwa ikatoka ikaingia ndogo, gramu 350. Mtutu ukafupishwa kidogo na kuchongwa mifereji pembeni, gramu 350 nyingine. Jumla kilo 1.2. Bibi akabaki na kilo 4 kamili.

"Hata majeshi yamehangaika na jambo hilo hilo," akaniambia, sasa amenogewa. Askari wa Mjerumani walioanza vita ya mwaka 1914 huku kwetu, wengi walibeba bunduki ya mwaka 1871 yenye kilo nne na nusu, na baruti yake ilitoa moshi unaomwonyesha adui ulipo. Walipokuja kusalimisha silaha pale Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu, tarehe 25 Novemba 1918, wengi walikuwa wameshazitupa, wamebeba za Waingereza na Wareno walizoteka. Warusi nao mwaka 1959 waliipunguza uzito AK yao kwa kutumia bati lililokandamizwa badala ya chuma cha kuchongwa. Wamarekani wakaja na M16 ya alumini na plastiki.

Nami nikamkumbusha kwamba mwaka 2014 nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na bunduki nimeibeba, kwa hiyo asinifundishe kama mgeni. Tukacheka. Nikaomba msamaha kwa wivu wangu, naye akaomba msamaha kwa "vipuri vya gari". Nikadhani yameisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Teke

Bibi akarudi nyumbani. Wiki ya pili mwenzangu akaenda kujaribu kwenye uwanja wa shabaha. Alirudi saa kumi na moja jioni, kimya. Neema, mwenye miaka minne, akamkimbilia kama kawaida yake akiinua mikono abebwe. Baba yake akainama, akajaribu, akashindwa. Akamshika kichwa tu akasema, "Baba amechoka, mama."

Usiku nilimvua shati mwenyewe. Bega lote lilikuwa jeusi.

Sasa sikilizeni wasomaji, jambo hili sikulijua na pengine na wewe hulijui. Bunduki ikipungua uzito, teke lake linaongezeka. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile, lakini chuma cha kuimeza ile nguvu kimepungua. Kutoka kilo 5.2 hadi 4, nguvu ya teke inapanda kwa asilimia 30. Uzito ambao mume wangu aliuona adui ndio uliokuwa unamlinda.

Tena kulikuwa na kosa la pili. Uzito mwingi ulikuwa umeondolewa nyuma, kwenye kitako, na mbele mtutu ukabaki na chuma chake. Bunduki ikawa pua nzito. Ukiinyanyua inainama, na mkono wa mbele unafanya kazi mara mbili. Nilikumbuka afande wetu kule kambini. Ukilalamika bunduki nzito, anakuambia, "Siyo nzito, umeishika mbali na mwili." Chukua ndoo ya maji uishike karibu na tumbo, halafu nyoosha mkono. Ndoo ni ile ile. Wewe ndiye umebadilika.

Lakini swali langu halikuwa la bunduki. Nilimuuliza, "Baba Neema, kwa nini ulitaka kuipunguza? Miaka yote umeibeba ikiwa hivyo."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho hakuwa amekisema kwa miaka miwili.

Mtulinga

Mwaka 2022 walipata ajali ya gari karibu na Mlowo. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega. Alitibiwa, ukaunga, akatangaza amepona. Mimi nikaamini. Kumbe mkono ulikuwa hauendi juu sawasawa, na usiku ulikuwa unamuuma. Magunia ya kahawa alikuwa anawapa vijana wabebe kwa kisingizio cha "mimi bosi". Kuwinda ndiko alikobakiza kujiona mwanaume kamili, na raifo ikaanza kumshinda. Badala ya kuniambia mimi, au daktari, alimwambia fundi wa bunduki.

Nililia. Halafu nilikasirika. Halafu nikajiona na mimi.

Maana na mimi nilikuwa na wangu. Mama mkwe pale Vwawa ni mgonjwa wa sukari, na dawa zake nilikuwa nazinunua mimi kimya kimya, kwa sababu msimu wa kahawa ulikuwa mbaya na sikutaka kumwaibisha mume wangu. Ada ya mdogo wangu mimi. Mkopo mimi. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba mimi ni mke mvumilivu. Kumbe nilikuwa pua nzito, nimebeba kila kitu mbele, mkono umenyooshwa, natetemeka halafu najibu "sijambo".

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi nyumbani kwetu hatukuwa na Mnyamwezi, kila mmoja alijigeuza yeye.

Kurudisha uzito

Baba Neema alirudi kwa fundi, safari hii tukiwa wote wawili. Fundi ni mzee mwenye miwani, na alinitazama kwa aibu nilipomwambia mimi ndiye niliyesoma ule ujumbe wa bibi. Nilimuuliza kwa nini hakumwonya mteja wake kuhusu teke. Akajibu, "Mama, hakuniambia ana bega bovu. Angeniambia, ningemtengenezea bunduki nyingine kabisa."

Basi akarudisha gramu 700. Nyingi aliziweka kama chuma ndani ya kitako, nyuma kabisa, na nyuma yake akabandika raba nene ya kusambaza teke. Akapitisha kidole chini ya bunduki, mbele kidogo tu ya magazini, ikatulia bila kuinama huku wala kule. Kilo 4.7. Katika kilo 1.2 zilizopunguzwa kwa milioni moja na laki nane, faida iliyobaki ni nusu kilo tu. Lakini mume wangu alipoishika alisema anaiona nyepesi kuliko ile ya kilo 4. Akanionyesha mzega kwa mikono yake. Mtu wa mzega habebi kidogo, ila amegawa mbele na nyuma, ndiyo maana anatembea.

Fundi akatuambia kwamba wanamichezo wa kulenga shabaha wengine huongeza uzito kwa makusudi ili bunduki itulie. Hata wale wa Ulaya wanaokimbia na bunduki mgongoni kwenye theluji, kanuni yao inasema isipungue kilo 3.5.

Msimu ule hakuwinda. Alikwenda kwa daktari, akapewa mazoezi ya bega, nami nikawa namhesabia kila jioni, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Dawa za mama mkwe sasa tunanunua kwa zamu, na mwezi akiwa hana anasema hana. Nimegundua kusikia "sina" hakuumi kama nilivyodhani.

Mwezi uliopita tulimpeleka Neema kuona Kimondo pale Ndolezi. Kile chuma kilichoanguka kutoka angani kinakadiriwa kuwa na tani 16, na mwanangu akataka kujua nani anaweza kukibeba. Baba yake akamwambia hakuna, ndiyo maana kimeachwa pale pale kilipoangukia. Halafu akainama, akamnyanyua kwa mikono yote miwili, akamweka begani.

Bega la kushoto. La kulia bado. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa.

Na wewe msomaji, mwenzako anajua unaumwa wapi? Au umemwambia fundi tu?